Waziri Hataki Kustaafu

4 Februari

Mjukuu wangu,

Umepotea mpaka nikisikia hodi sijisumbui kuharakisha; najua si wewe. Au njia ya kurudi imeota nyasi? Mimi mzima, ni magoti tu yananisema. Wewe je, unakula, au unalidanganya tumbo kwa chai? Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani, na nimemwonya asinilainishie maneno.

Neno langu ni mbwa wako, Waziri. Amezeeka. Mguu wa nyuma anauburuta kama si wake, na jicho moja limeingia ukungu. Lakini wawindaji wakipita alfajiri kwenda kufukuza nguruwe mwitu mashambani, bwana mkubwa anainuka na njuga yake shingoni, anatangulia. Juzi nguruwe amembwaga, akarudishwa begani kama gunia. Nikamwambia mjomba wako, kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wao, amwache nyumbani. Akanikumbusha sheria yao: aliyemvika mbwa njuga ndiye anayemvua, na mwenye njuga hafungiwi. Nikamjibu kwamba sheria haina mbavu za kuvunjika. Akacheka, mwanangu huyo.

Njoo umvue.

Bibi yako

19 Februari

Shikamoo Bibi,

Naomba magoti yakuhurumie. Mimi sijambo, ila kazi ya kuweka marumaru imetubana na bosi hataki kusikia habari ya ruhusa. Waziri nimemlea tangu anaingia kwenye kofia; naumia kusikia hayo. Lakini mkono wako ni mkono wangu. Ikate hiyo njuga, umwambie mjomba nimeruhusu. Waziri asipoisikia ikilia atajua kazi imekwisha.

Likizo nitakuja.

Mjukuu wako

8 Machi

Mjukuu wangu,

Sisi wazima, isipokuwa huyo uliyemstaafisha kwa kalamu.

Njuga niliikata. Alfajiri nikamfungia jikoni. Akausukuma mlango mpaka komeo likang'oka, akawafuata wenzake. Wewe umewinda, ulisahau nini? Njuga ndiyo inayomwambia mwenye mkuki kwamba kinachotikisa nyasi ni mbwa. Waziri alikwenda kimya. Mjomba wako akaona nyasi zinacheza, akarusha. Mkuki umeondoka na kipande cha sikio. Libaba zima lenye ndevu likaja kukaa jikoni kwangu, linalia, "Mama, kidogo nimuue mwenzangu."

Sasa nifanyeje? Nikimrudishia njuga, nguruwe atammaliza. Nisipomrudishia, mkuki. Kamba anaitafuna. Nikimwambia lala, ananitazama kama namuuzia kitu. Amri zake unazo wewe.

Bibi yako

17 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimekosa, sina la kujitetea. Bosi bado anakataa. Tafadhali fundi amsomee Waziri maneno haya taratibu, ndiyo niliyomfundishia: "Tulia. Kaa. Imetosha, baba."

Mjukuu wako

26 Machi

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, na leo sikuulizi hali. Mwenye akili timamu hamwandikii mbwa barua.

Hata hivyo tumemsomea. Fundi amesimama jikoni na miwani yake, anamsomea mbwa kama hakimu, na mimi mtu mzima nimeketi nasikiliza. Waziri hakutikisa hata mkia. Nikaichukua karatasi niitie motoni kwa hasira. Hapo akainuka, akainusa mkononi mwangu upande huu na upande huu, akaivuta kwa meno polepole, akailalia.

Jana wawindaji walipita. Alisimamisha lile sikio zima, akawasikiliza mpaka wakaishia, akarudisha kidevu juu ya karatasi. Mjomba wako alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akaondoka.

Lakini karatasi ni karatasi. Imeshaanza kunuka jivu kuliko inavyonuka harufu yako, na leo asubuhi ameamka mara nyingi kutazama mlango. Huyo bosi mwambie bibi yako anakufa. Nikikutana naye nitamweleza mwenyewe kwa nini sijafa.

Ukifika usinisalimie kwanza. Usioge, usibadili nguo. Pita moja kwa moja jikoni, kaa chini kwenye majivu, umshike shingo pale ilipokuwa njuga, umwambie kwa kinywa chako kwamba imetosha. Mimi utanikuta uani. Na shati utakalokuja nalo, utaliacha.

Bibi yako