Bi Suzana kwenye moto wa wanaume

Mama, shikamoo. Natumaini goti limetulia. Huku Kasoli jua linakausha hata jasho, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nimeizoea mpaka naitafuna njiani.

Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba, watu wameipanda mpaka mlangoni, na chakula kimepungua. Jana nilifuatana na Bi Suzana, afisa lishe anayenionyesha kazi, kwenda kumwona Shija, mtoto wa miaka miwili anayezidi kukonda. Tulimkuta jikoni na mama yake, wanakula ugali kwa mlenda. Samaki na maziwa ya mgando vilikuwa vimepelekwa shikome, kwenye moto ambako wanaume hula peke yao.

Nilidhani Bi Suzana atamkaripia yule mama. Badala yake alimbeba Shija, akaenda kuketi katikati ya wanaume, akanawa mikono.

"Nimewaletea mwanamume mwenzenu," akasema. "Ana njaa."

Baba yake Shija akamtoa samaki miiba, akamlisha mtoto kwa mkono wake. "Basi atakuwa anakula na mimi," akasema.

Nilipoondoka nyumbani, Baba aliniuliza kama kweli kuna watu wanaosomea chakula. Mwambie wapo, nami nataka kuwa kama huyu. Usiache kujipaka ile dawa ya goti, mama yangu.

Na umwambie Baba kwamba nikirudi nitakula mezani kwake, pale anapokula peke yake, nimempakata mdogo wangu Neema.

Mwanao, Rehema