Radhi Haitumwi kwa Posta

Madurai, India
14 Novemba 1987

Dada Arafa,

Salamu kwako, Shemeji na watoto hapo Bungoma. Mimi mzima, kikohozi tu cha hapa na pale. Baba je?

Bado napiga picha za mahekalu ya Wahindi. Ndani kabisa, kwa mungu wao, mgeni haingii, basi nashinda mlangoni na akina mama wanaotunga asumini. Wamenizoea, hata chai wananiwekea.

Najua Baba alinifukuza Kitale akisema nitaabudu sanamu. Dada, sijaacha swala. Niombee radhi kwake. Bila hiyo kazi yangu haina baraka, na usingizi sipati.

Mdogo wako,
Hashim


Bungoma
20 Januari 1988

Mdogo wangu Hashim,

Tunashukuru Mungu, ila jua huku linachoma kweli. Baba nimemtoa Kitale, anakaa kwangu. Macho yamefifia, miguu imevimba. Jirani yetu Wekoye, mtu wa Sirisia, ndiye anamwogesha, maana kwangu mimi binti yake anaona haya.

Nilimsomea barua yako. Alimaliza chai yake kwanza, kisha akasema, "Radhi haitumwi kwa posta. Aje aichukue." Si hajakataa? Njoo haraka, bana.

Dadako,
Arafa


Madurai
2 Machi 1988

Dada yangu,

Nimesoma yako nikalia kwa furaha. Nakuja. Lakini kuna hekalu hapa linawekwa wakfu upya kila baada ya miaka kumi na miwili. Makuhani watapanda juu ya mnara kuumwagia maji, na mimi wamekubali nipande nao. Sherehe yenyewe ni Juni. Nikiikosa hii nitazeeka nikiingoja nyingine. Mwambie Baba anivumilie kidogo, Julai niko kwenu.

Mdogo wako,
Hashim


Bungoma
28 Juni 1988

Hashim,

Leo salamu sina. Baba ametutoka Ijumaa. Tulimzika alasiri ile ile, kama ilivyo kwetu, hatukungoja msafiri.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo kila mlango ukilia alikuwa anauliza, "Hashim amefika?" Wekoye akaingia na maji ya kumwogesha. Baba akamshika mkono, akasema, "Hashim." Wekoye akanitazama. Nikasema, "Ndiyo Baba, ni yeye." Ningefanya nini? Nilitaka aende ametulia. Akauweka ule mkono kifuani, akasema, "Nimekupa radhi, mwanangu. Zilikuwa hasira tu." Hakusema tena.

Nimemuuliza shehe kama radhi hiyo ni yako. Amesema Mungu ndiye ajuaye. Wekoye naye haji tena kwetu. Mkewe ananiambia hali chakula, ati amechukua kitu cha mwenyewe na hajui atakirudisha vipi.

Nimekukasirikia, Hashim, na sijui hasira hizi zitaisha lini. Zile picha za mnara usinitumie.

Arafa