Upande wa Mkunjo

Jumatano, 3 Mei

Darasa limejaa! Wanawake kumi na mmoja. Mama Upokoina kaja na kiti chake mwenyewe, anasema viti vya ukumbi wa kanisa vinamtafuna nyonga. Tumekubaliana kumshonea mchungaji na mkewe tivaevae, lile tandiko letu la mapambo ya kushonea, la kuwaaga mwezi wa saba: majani ya mshelisheli, ya kijani, juu ya shuka la njano. Kubwa, la kitanda kizima.

Nani atakata? Wote wakanitazama mimi. Miaka ishirini na sita hakuna mkono mwingine uliokata kitambaa kijijini hapa, na sisemi kwa kujisifu, ndivyo ilivyo. Lakini mdomo wangu ulifika kabla ya akili. Nikasema safari hii atakata binti yangu Moeroa, anakuja Jumamosi kutoka Auckland.

Mama Upokoina akauliza, anajua?

Nikamjibu, anajua tangu tumboni!

Hajui. Hajawahi hata kupunguza pindo. Lakini ni mpima ardhi, ana digrii! Anayepima milima atashindwa na shuka?

Hili libaki humu daftarini: mstari wa penseli siuoni tena. Jicho la kulia lina moshi, na la kushoto limeanza kumfuata mwenzake.

Jumamosi, 6 Mei

Amefika! Nimemvika mashada ya maua manne mpaka akabaki pua tu. Nikamwambia afisa wa forodha huyu ndiye yule mpima ardhi. Akasema, ndiyo Mama Tepaeru, uliniambia Krismasi. Na Pasaka.

Amekonda. Kala vipande vitatu vya keki ya ndizi. Atakaa wiki sita. Babake, Ngatama, hasemi kitu ila kila saa anatafuta sababu ya kupita chumba alimo.

Jumamosi, 13 Mei

Asubuhi kwenye mashimo ya magimbi, mimi na Moeroa, matope mpaka magotini. Anapanda kwa mstari kama uzi! Nikaita jirani aje aone.

Mchana nimeoka kwa ajili ya kesho, maana Jumapili hatufanyi kazi. Keki mbili za ndizi. Mpishi yupi mwingine keki yake inaisha bila kubaki chembe? Ile ya Krismasi darasa zima lilimaliza kimya kimya, hata kuongea hawakuweza.

Kisha masomo, juu ya magazeti. Nimemfundisha kama mama yangu alivyonifundisha. Kunja mara tatu, kitambaa kiwe kama kipande cha keki. Shina la jani likae upande wa mkunjo. Ukikata hivyo, ukikunjua yote yameshikana, ua moja kubwa. Shina likikaa upande ulio wazi, unakunjua vipande vipande. Na mkasi uimbe wimbo mmoja, usidonoe kama kuku.

Magazeti saba. La saba lilitoka zuri mpaka Ngatama akalibandika ukutani.

Jumatano, 24 Mei

Mungu wangu.

Nilikunja kitambaa mwenyewe, mbele yao wote. Nikalaza karatasi ya mchoro mwenyewe, nikachora kufuata ukingo wake, huku nikisema maneno mengi ili wasitazame mkono. Nikampa Moeroa mkasi. Akakata vizuri, wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimesimama kifua mbele kama jogoo.

Tukakikunjua. Majani yakadondoka. Moja moja, yakajaa sakafuni. Kitambaa chote cha kijani, kile alichotuma dada yake Upokoina kwa meli!

Halafu mmoja nyuma akasema, Auckland hawana mikunjo? Wakacheka. Mama Upokoina hakucheka, alipiga magoti akaanza kuokota. Moeroa akasema, samahanini akina mama, nimekosea.

Mimi nikasema atajifunza. Hayo tu ndiyo niliyosema!

Alhamisi, 25 Mei

Nimemkuta kitandani kayapanga majani yote kama yalivyokuwa. Wapimaji ndivyo walivyo, hawalali mpaka wahakikishe.

Akasema, Mama, karatasi ililala upande ulio wazi.

Nikasema nikaangalie keki.

Akasema, Mama, hakuna keki jikoni.

Kweli haikuwepo. Nikaenda hivyo hivyo. Nikasimama mbele ya jiko baridi.

Ni mimi. Ninaandika hapa kwa herufi kubwa nizione mwenyewe: NI MIMI NILIYEKOSEA. Siyo mtoto. Na alijua, akanisitiri mbele ya watu, na mimi mama yake nikamwacha achekwe.

Jumapili, 28 Mei

Kanisani kofia yangu ilikuwa nzuri kuliko zote. Sikuifurahia.

Moeroa amesema hatakuja darasani tena, asiwaharibie. Ataondoka Jumamosi ya tarehe kumi na saba kama ilivyo kwenye tiketi. Begi liko wazi sakafuni. Nikiliambia darasa aliyekosea ni nani, naacha kuwa mkataji. Nisiposema, mtoto anaondoka na aibu isiyo yake, na mkasi unabaki na mtu asiyeona.

Jumatano, 7 Juni

Wiki iliyopita niliahirisha darasa, nikasema mafua. Leo nimekwenda. Nimemburuta Moeroa, nikamwambia anibebee keki.

Nikasimama. Nikasema, akina mama, karatasi nililaza mimi. Mtoto alikata pale nilipochora. Macho yangu yamekwisha, mstari siuoni.

Hakuna aliyeshtuka! Hata mmoja!

Mama Upokoina akasema, we Tepaeru, tunajua tangu mwaka jana. Krismasi ulitia chumvi kwenye keki badala ya sukari. Tulikula yote tusikuvunje moyo. Mimi nilikunywa maji ndoo nzima!

Wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Nikanuna kidogo. Keki yangu! Kisha nikacheka na mimi, nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Halafu Upokoina akamgeukia Moeroa. Akasema, na wewe mtoto, ulibeba mzigo wa mama yako ukanyamaza. Mdomo kama huo nauamini na mkasi. Yale majani tumeshayashona kwenye mito ya mchungaji. Kitambaa kingine kinakuja na meli ya wiki ijayo. Utakata?

Moeroa akanitazama mimi kwanza. Nikasema, usiniangalie mimi, mimi kipofu!

Hakujibu ndiyo. Akasema ataona. Lakini njiani alinishika mkono, penye kokoto aliniambia kokoto.

Ijumaa, 9 Juni

Amenipeleka kliniki. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho watakuja kutoka ng'ambo mwezi wa nane, jina langu ni la nne kwenye orodha. Nesi anasema wengi hurudi kutunga sindano. Nimemwambia nesi huyu binti ni mpima ardhi.

Nimeoka. Moeroa ameonja sukari kwanza.

Jumatano, 14 Juni

Naandika kwenye ngazi za ukumbi, daftari gotini. Nimefukuzwa! Kitambaa kimefika jana. Moeroa amekunja mwenyewe, akapitisha kidole kwenye kila mkunjo kama anatafuta mpaka wa shamba la mtu. Akaniita. Akachukua mkono wangu akaupitisha pale pale. Akaniuliza, ni hapa, Mama? Vidole vyangu vinaona vizuri. Nikamwambia ni hapo.

Akalaza karatasi. Nikasogea. Mama Upokoina akasema, Tepaeru, unamhemea mtoto shingoni kama ng'ombe, nenda nje. Moeroa naye akasema, nenda, Mama. Kwa upole, lakini alisema.

Safari ni Jumamosi hii. Asubuhi nilipapasa begi lake nikipita. Bado tupu. Sijauliza. Mimi! Sijauliza!

Ndani wamenyamaza wote. Hata kile kiti cha Upokoina hakilii.

Ameanza. Nausikia mkasi. Anakwenda polepole kuliko mimi, lakini ni wimbo mmoja, haudonoi.

Umesimama. Amefika penye shina. Upande wa mkunjo, mwanangu, upande wa —

Nimejiziba mdomo kwa mkono wa kushoto.

Umeendelea.