Mwaka Ulio Chini ya Picha

Seven Hills,
Sydney.
14 Juni 2015

Mpendwa kaka yangu Mwiti,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii inayokula vidole. Hujambo wewe, na shemeji Jerotich? Lile goti la mama linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nainuka kuchemsha chai nisiyoinywa.

Uliniandikia kwamba umempeleka mama studio pale Nkubu, akapigwa picha kubwa nzuri "ya kuweka". Mwiti, sote wawili tunajua picha hiyo inawekewa nini: mazishi. Niliudhika, ndiyo maana sikukujibu.

Sasa sikia. Katika makao ya wazee ninakofanya kazi namhudumia Bi. Hallam, ambaye zamani alikuwa akikarabati michoro ya karatasi kwenye makumbusho. Ukutani ana kipicha cha wino kisichozidi kiganja: mama mzee mwenye kola ya marinda, na chini yake jina na mwaka, 1641. Kwa kuwa mwaka ulikuwa mmoja tu, nilikumbuka karatasi ya mazishi ya nyanya, tulipoandika mwaka wa kufa peke yake maana wa kuzaliwa hakuna aliyeujua. Nikampa Bi. Hallam pole ya msiba, hata kama ni wa karibu miaka mia nne.

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia, "Huo ni mwaka aliochorwa. Siku hiyo alikuwa ameketi pale, mzima, pengine akilalamikia mgongo."

Tangu hapo tunabishana kila asubuhi nikimvalisha soksi. Alinipa kioo cha kukuzia, akanieleza jinsi sindano ilivyokwaruza nta juu ya bamba la shaba, kisha asidi ikala palipokwaruzwa, wino ukajaa humo na kuchapwa karatasini. Shavuni mistari ni myembamba kama nywele, mikono haikumalizwa. Yeye asema mchoraji alitaka tutazame uso. Mimi nasema yule mama alichoka kukaa, akainuka. Macho nayo yanatazama pembeni. Yeye asema yanafuata mwanga wa dirisha. Mimi nasema kuna mtu anangojewa mlangoni, na hapo hanitoi ng'o.

Kaka, nimeona aibu. Miaka sita nasema nitakuja nikimaliza mtihani wa uuguzi, kisha unakuja mwingine. Nilikukasirikia kwa sababu ulikuwa tayari kwa jambo ninaloliogopa.

Alhamisi niliomba likizo, wamenipa wiki tatu. Mtihani utangoja mwakani. Nafika Nairobi tarehe 5 Julai, na tangu nikate tiketi nahesabu siku kama mtoto wa bweni.

Nisalimie Jerotich, shangazi Karimi na majirani wote wa ng'ambo ya mto. Mungu awalinde hadi niwaone, hasa mama.

Ile picha ya studio ifungie sandukuni. Nitampiga nyingine mwenyewe, akiwa jikoni akinigombeza, na chini yake nitaandika 2015.

Dada yako akupendaye,
Gakii