Spea Isikae Chini ya Trela

Nekesa mjukuu wangu,

Hujambo huko Maralal? Sisi hapa Uthiru Mungu anatuweka. Mama yako amerudi kazini, na mjomba wako amehamia mtaa wa Satellite.

Umeniuliza spea ya trela yako, ile tairi ya akiba, ifungwe wapi, maana fundi anataka kuificha chini. Niliposoma hayo nikaketi kukuandikia mara moja.

Tukiwa vijana, mimi na babu yako tulikuwa tukivuta trela ya mahema ya kanisa kwenda Magadi. Tairi moja ikapasuka mchangani, trela ikainama. Spea ilikuwa chini yake, kwa hivyo babu yako akapiga jeki, akaingia mvunguni kuifungua. Jeki ikazama. Trela ikamshukia kifuani.

"Usinivute," akasema kwa shida. "Chimba."

Nikachimba chini ya mgongo wake kwa kifuniko cha sufuria. Niliogopa kuharakisha, trela isije ikamlalia zaidi. Niliogopa kuchelewa, maana pumzi yake ilikuwa ikifupika. Mwishowe akapata nafasi, akatambaa nje. Tulikaa mbali na ile trela, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Siku utakayohitaji spea, mama, utakuwa umechoka na una hofu. Mwambie fundi aifunge mbele, kwenye vyuma vinavyoshikana na gari, uifungue ukiwa umesimama. Akikataa, tafuta mwingine.

Babu yako anakusalimu. Nimemsomea barua hii, na nilipofika pale penye jeki akaniomba niiruke sehemu hiyo.

Ni mimi, kukhu wako.