Udongo wa Mteremko wa Juu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote, vipi goti lako? Na mama, kile kikohozi kimemwachia? Mwambieni dada nguo za mtoto zimenifikia, na zimemkaa kama zilishonwa mwilini mwake. Sisi huku wazima, ila mimi mikono imeota sugu kwa kuchimba, na mume wangu anasema siku hizi analala na mkulima.

Baba, nina habari, nami nitazieleza polepole ili uzifaidi.

Unakumbuka nilikwambia misonobari ya kilimani imevunwa, na ile iliyopandwa upya ikadumaa, majani ya manjano kama ya mgonjwa. Bodi ya misitu ikaitisha kikao kuamua ipandwe nini. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa mbao tangu ujana, alikwisha amua moyoni: misonobari tena, kilima kizima. Nilipoonyesha vipimo vyetu vya maabara alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema udongo ni udongo, mwanangu, kinachouzwa ni mti. Wenzake wakacheka. Nikaona wakiinuka hivi hivi tumekwisha, maana kilima kile kikichoka, na mashamba ya bondeni yatafuata.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikawaambia kama udongo ni udongo, basi twendeni tukauangalie, gari liko nje. Mkurugenzi wangu alinikazia macho, lakini mwenyekiti hapendi kuonekana mwoga, akachukua kofia yake.

Tulianza kwenye misonobari. Nilichimba mbele yao. Juu kulikuwa na zulia la majani ya miaka na miaka, hayataki kuoza, na chini yake udongo mweupe uliochacha. Sikuidharau, baba. Nikawaeleza kwamba bila misonobari kilima kile kingekwisha kushuka mtoni, ila ardhi isipolishwa kitu kingine huchoka. Tukaenda kwenye mikaratusi. Pale nikamwaga ndoo ya maji, na maji hayakuzama. Yaliteleza juu ya udongo mkavu yakaenda moja kwa moja kwenye viatu vya mwenyekiti. Akaruka kando, safari hii wenzake wakamcheka yeye.

Mwisho nikawapeleka mteremko wa juu, kwenye kile kimsitu cha mchanganyiko, mikunde kwa mivule, miti mirefu kwa mifupi, haina mstari wala mpango. Jembe lilizama lenyewe. Udongo mweusi, unamegeka mkononi kama keki, nyungunyungu wanakimbia mwanga. Nikamwaga ndoo ya pili, ardhi ikainywa yote. Mwenyekiti akapiga magoti na suruali yake nzuri, akashika konzi ya udongo, akainusa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo nani aliyeupanda msitu huu.

Hakuna aliyejua. Kwenye ramani ya ofisi eneo lile limeandikwa limeharibika, basi.

Mama mmoja mtu mzima aliyekuja kuwawakilisha watu wa bondeni akaguna. Aliwahi kuwa kibarua wa kitalu, kwa hiyo hadithi aliijua yote. Alisema mwaka ule miche ya misonobari iliugua ikafa, na bwana miti wa wakati huo akakataa kuuacha mteremko uchi wakati mvua ziko mlangoni. Akakusanya miche yoyote iliyobaki kitaluni na mingine ya porini, wakapanda bega kwa bega, yeye na vibarua wake. Mkubwa wake alipokuja na kukosa mistari, alimtukana mbele ya watu, na kabla mwezi haujaisha akamhamisha na familia yake. Yule mama akasema aliondoka na mke, watoto na meza moja yenye miguu mitatu.

Baba, meza ile mimi nimeifanyia hesabu za shule.

Miaka yote ulituambia tulihama kilima kile kwa sababu kazi ni kazi. Nilisimama pale na jembe langu, na hapa sasa ndipo penye la kuungama. Nilisema mbele yao wote, bila ruhusa yako, kwamba bwana miti huyo ni baba yangu. Mwenyekiti akavua kofia. Bodi ikaamua palepale kilima kizima kipandwe mchanganyiko, wakaniweka mimi niusimamie. Kisha wakaomba uje upande mche wa kwanza na utuonyeshe ulivyochanganya.

Najua uliapa mguu wako hautakanyaga tena kilima kile. Najua pia ungeulizwa ungekataa. Kwa hiyo hukuulizwa: nimekubali kwa niaba yako. Gari la ofisi litakuja kukuchukua mvua zikianza. Ukikasirika, nakuomba ukasirikie njiani.

Mpe mama mkono wangu, na majirani wote wanaoniulizia. Mjukuu wako amejifunza kutembea, anakwenda kama mlevi lakini anafika. Naye anakungoja.

Ni mimi mwanao wa pili,
Mpima udongo