Shahidi wa Mama Kasrini

Mjini Ibra, Jumatatu

Bado nacheka, na huku moyo haujatulia.

Asubuhi nilikwenda na mama kwenye kasri kongwe, siku hizi ofisi ya serikali. Dari bado ina maua ya rangi. Chini yake karani kazungukwa na mafaili. Bila karatasi ya uraia sipati kazi ya ualimu, na skuli inafunguliwa Jumamosi.

"Nani anakujua?" karani akaniuliza kwa Kiarabu.

"Mama yangu, huyu hapa."

"Hana karatasi. Hawezi kukushuhudia."

"Na yeye atashuhudiwa na nani?"

"Na mtu wa kwao. Lakini mwenye karatasi."

Mama akaanza kumrushia maneno ya Kiswahili ambayo, alhamdulillahi, karani hakuyafahamu. Bwana aliyekuwa akigawa kahawa akasita, birika mkononi.

"Wallahi sauti hii naijua! Shikamoo, mwalimu. Ulinisomesha Kurani chuoni, Unguja. Bakora zako sijazisahau."

Akamfasiria karani kwa Kiarabu, akamwonyesha na karatasi yake ya uraia. Karani akaandika: shahidi anamjua kwa bakora.

"Marahaba. Lakini mimi sikukumbuki," mama akasema. "Hebu soma sura iliyokuwa ikikushinda."

Nusura nimzibe mdomo. Yule bwana akaweka birika chini, akafunga mikono kifuani, akasoma mbele ya watu wote. Katikati akakosea.

"Ndiye!" mama akasema. "Pale pale."

Mihuri ikagongwa, kwenye karatasi ya mama na yangu. Nje nikamwona mama analia, nikadhani furaha.

"Miaka yote ile, na bado anakosea. Labda mimi ndiye niliyesomesha vibaya."

Na Jumamosi mimi naingia darasani.